Rangi Kwanza, Dawa Baadaye

Jicho jekundu lisiandikiwe dawa kabla halijatiwa rangi. Tunawaambia hivyo waganga wafawidhi wa zahanati na vituo vya afya vya Temeke na Kinondoni, kuanzia Chamazi na Mbagala hadi Tegeta, Bunju na Mabwepande, na tunawaambia pia wanaowasimamia.

Rangi yenyewe ni fluoresini. Huja imekaushwa kwenye ncha ya karatasi nyembamba, ina rangi ya chungwa, na kila karatasi imefungwa peke yake. Unailowesha kwa tone la maji safi ya chumvi ya hospitali, unaigusisha upande wa ndani wa kope la chini, mgonjwa anapepesa macho mara mbili tatu, kisha unammulika kwa tochi yenye mwanga wa buluu. Kioo cha jicho kikiwa kizima, rangi inaoshwa na machozi na kupotea. Kikiwa kimechubuka au kina kidonda, pale pale panang'aa kijani, na hata aliyeanza kazi jana atapaona. Kazi hiyo haimsubiri daktari bingwa wala haitegemei umeme wa gridi. Ni ya dakika mbili.

Sasa tuambiane ukweli kuhusu kinachofanyika badala yake. Mtu anafika jicho limevimba, linatoa machozi, linauma. Anaangaliwa kwa tochi ya simu, kama anaangaliwa kabisa, anaandikiwa matone, anaondoka. Wengine hawafiki hata huko. Wanaingia duka la dawa la mtaani, wanataja jicho jekundu, wanapewa chupa. Muuzaji hana rangi wala tochi ya buluu, kwa hiyo anauza kwa kukisia.

Kukisia kwenyewe kungekuwa na madhara madogo kama matone yote yangekuwa sawa. Hayako sawa. Yapo yenye deksamethazoni, peke yake au ikiwa imechanganywa na antibayotiki, na haya ndiyo yanayopendwa kwa sababu yanaondoa wekundu na maumivu upesi. Kwa macho fulani ni dawa nzuri. Kwa jicho lenye kidonda cha virusi vya hepesi ni hatari kubwa, na kwa kidonda cha fangasi vilevile. Wekundu unapungua huku kidonda kikiendelea kuchimba chini. Mgonjwa anafurahi siku za mwanzo, anamsifia muuzaji, anarudi kununua chupa ya pili. Anapoanza kuona ukungu, kioo cha jicho kimeshaharibika, na kovu lake halifutwi na tone lolote. Hepesi ikitiwa rangi huchora mstari wenye matawi ambao mtabibu akiuona mara moja hausahau tena. Karatasi moja ingemzuia mtu huyo asipewe chupa ile.

Januari 2024 jiji hili lilipata somo la bure. Ugonjwa wa macho mekundu unaosababishwa na virusi ulienea Dar es Salaam, watoto wakakaa nyumbani, ofisi zikapungua watu, na Wizara ya Afya ikatoa tahadhari kwamba wananchi wasijitie macho dawa za kienyeji wala dawa walizojinunulia bila kupimwa. Tahadhari ilikuwa sahihi kabisa. Lakini ukimwambia mtu wa Charambe asijinunulie dawa aende akapimwe, lazima huko unakompeleka kuwe na cha kumpimia. Wengi wa wagonjwa wale walihitaji kunawa mikono, kutochangia taulo, kitambaa cha maji baridi na subira ya wiki moja au mbili. Wachache walikuwa na kidonda, na hao ndio waliotakiwa kutengwa upesi na kupelekwa mbele. Kumtambua mmoja katika foleni ya watu wenye macho mekundu yanayofanana, bila rangi, ni kubahatisha.

Na hatuzungumzii tatizo geni. Mwaka 1994 ulichapishwa utafiti wa hapa Tanzania kuhusu wagonjwa wenye vidonda kwenye kioo cha jicho, ukaonyesha kuwa karibu robo yao walikuwa wametumia dawa za kienyeji za macho. Miaka zaidi ya 30 imepita na bado kuna mtu anatiwa maziwa, majimaji ya majani au chai ya rangi kwenye jicho lililojeruhiwa. Hatuwezi kumlaumu bibi aliyetumia alichokuwa nacho, wakati kituo kilicho hatua chache kutoka mlangoni kwake hakina karatasi ya rangi.

Fluoresini ni ya zamani kuliko nchi yetu. Mkemia Adolf von Baeyer aliitengeneza Ujerumani mwaka 1871. Mwaka 1877 ilimwagwa katika mto Danube ili ijulikane maji yanayopotea ardhini yanatokea wapi, na siku chache baadaye chemchemi ya Aach ikatoa maji ya kijani. Katika miaka ya 1880 madaktari walikuwa tayari wanaitumia kuonea michubuko ya jicho. Tatizo likawa kwamba rangi ya maji iliyokaa ndani ya chupa iliyofunguliwa huota bakteria, hasa wale aina ya Pseudomonas, ambao wanaweza kuliharibu jicho lenye mchubuko kwa muda mfupi mno. Jibu lilipatikana mwaka 1951, pale Samuel Kimura, daktari wa macho wa Marekani, alipoandika kuhusu kuikausha rangi hiyo kwenye karatasi safi, moja kwa mgonjwa mmoja. Kwa hiyo kituo chenye chupa ya fluoresini iliyofunguliwa wiki nyingi zilizopita kiitupe leo, kiagize karatasi.

Twende kwa mafundi. Temeke ni wilaya ya mafundi: Keko wanaranda mbao na kupiga msasa fanicha, na ukizunguka Tandika au Mbagala utakuta wanaochomelea mageti na madirisha kando ya barabara, wengi bila kinga ya uso, wengine na miwani ya jua ya kawaida ambayo haizuii kitu. Mwanga wa kuchomelea huunguza kioo cha jicho, na maumivu huanza saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku wa manane. Fundi anaamka anahisi ametiwa mchanga machoni. Akipakwa rangi, panaonekana vidoa vingi vidogo vya kijani, na hapo mtabibu anaweza kumtuliza kwa uhakika: kwa kawaida hupona ndani ya siku moja au mbili, apewe marhamu ya kulinda jicho na dawa ya maumivu ya kumeza. Mwenzake wa Keko mwenye kibanzi cha mbao kilichojificha chini ya kope la juu ataonyesha mikwaruzo ya wima kwenye kioo, na mtabibu atajua kwamba lazima kope lipinduliwe na kibanzi kitolewe. Wote wawili waliingia wakilalamika jambo moja. Dawa zao ni tofauti.

Hapa pana onyo kali. Ili kumtoa mtu kibanzi, au kupima presha ya jicho kwa chombo kinachogusa, hutiwa tone la ganzi, kwa kawaida tetrakeini. Linafanya kazi ndani ya dakika moja na mgonjwa anahisi amezaliwa upya. Kisha anaomba chupa aende nayo nyumbani. Asipewe. Asipewe hata akilia. Ganzi ikirudiwarudiwa huzuia kioo cha jicho kupona, inaficha maumivu ambayo yangemrudisha hospitali, na mwisho wake ni kidonda kibaya na upofu. Chupa ya ganzi ni ya mezani kwa mtabibu. Ikionekana kwenye rafu ya duka la dawa ikiuzwa kwa fundi wa kuchomelea, hilo ni jambo la Baraza la Famasi na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kulishughulikia siku hiyo hiyo, na mwananchi anayeliona atoe taarifa.

Rangi ni ya mbele ya jicho. Nyuma ya jicho kunahitaji tone lingine, na hapa visingizio ni vingi zaidi.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kati ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64, watu 9 hivi katika kila 100 walikuwa na kisukari. Kisukari hushambulia mishipa midogo ya retina, ngozi laini ya nyuma ya jicho inayopokea picha, na hufanya hivyo kimya kimya. Mtu anasoma gazeti vizuri huku mishipa inavuja. Atakapojua mwenyewe, sehemu ya uoni imeshapotea, ilhali matibabu ya miale ya leza yakifanyika mapema yanaweza kuuokoa. Kilimanjaro walikoanzisha mpango wa kuwapima wenye kisukari mwaka 2010, zaidi ya robo ya waliopimwa katika miaka minne ya mwanzo walikutwa tayari na madhara kwenye retina. Wenye kisukari wa Mbagala na Tandale wana retina kama za watu wa Moshi.

Kumwangalia mtu huyu bila kumtanua mboni ni kuchungulia chumba kizima kupitia tundu la kitasa. Mboni husinyaa ukiimulika, na sehemu kubwa ya retina unaikosa. Tone la tropikamidi, lile ambalo mara nyingi lina kifuniko chekundu, huifungua mboni ndani ya dakika 20 hadi 30, na athari yake huisha baada ya saa nne hadi nane. Macho meusi kama yetu huchelewa kuitikia kwa sababu weusi wa jicho huishika dawa. Basi atiwe tone la pili baada ya dakika chache, na asubiri. Mtabibu asiseme dawa imegoma baada ya dakika kumi, wala asiandike kwenye kadi kwamba macho yameangaliwa wakati mboni ilikuwa ndogo kama punje ya mtama.

Tunasikia kwamba wagonjwa wenyewe wanakataa tone. Wanakataa kwa sababu hawakuambiwa. Mwendesha bodaboda anayefika kliniki ya kisukari asubuhi akiwa na chombo chake hawezi kukubali kuona ukungu hadi jioni, na yuko sahihi, kwani hatakiwi kuendesha kabisa katika hali hiyo. Mama muuza samaki wa Kunduchi ana pesa za kuhesabu na makaa ya kuchochea. Dawa ya jambo hili ni sentensi moja siku ya kupanga miadi: "Siku hiyo utatiwa dawa ya kutanua mboni, usije unaendesha, njoo na mtu na miwani ya jua au kofia." Iandikwe kwenye kadi. Ipigwe muhuri ikiwezekana. Haigharimu bajeti ya manispaa hata shilingi.

Kisingizio kingine ni hofu kwamba tone linaweza kupandisha presha ya jicho ghafla. Kwa watu wachache wenye nafasi finyu ndani ya jicho inaweza kutokea kweli. Ndiyo maana mtabibu humulika jicho kutoka pembeni kwanza ili aone kama nafasi hiyo ni finyu, na humwambia mgonjwa kwamba akipata maumivu makali, akaona duara za rangi kuzunguka taa au akatapika, arudi siku hiyo hiyo. Vilevile matone ya fenilefrini makali ya asilimia 10 yasitumike kwa mtu mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo. Haya ni ya kufundishwa nusu siku. Hayawezi kuwa sababu ya kumwacha mtu wa kisukari mwaka hadi mwaka bila kuangaliwa retina.

Kuna na watoto. Jicho la mtoto lina nguvu kubwa ya kujivuta lipate kuona karibu, na nguvu hiyo hudanganya mashine na mpimaji. Mtoto anayepimwa miwani, hasa mwenye makengeza au anayelalamika kichwa, atiwe saiklopentoleti kwanza ili misuli ilegee, la sivyo anaweza kuvishwa miwani isiyo yake. Wanaoendesha kambi za macho mashuleni walizingatie hilo, na wawaambie wazazi kwamba mtoto atasoma kwa shida hadi kesho yake, mwalimu ajulishwe.

Kwenye hospitali kubwa fluoresini pia huchomwa kwenye mshipa wa mkono ili mishipa ya retina ipigwe picha. Mgonjwa hugeuka manjano kidogo na mkojo wake hubadilika rangi kwa siku moja hivi, naye aelezwe kabla asije akadhani ni homa ya manjano. Baadhi hupata kichefuchefu, wachache sana hupata mzio mkali, kwa hiyo hufanywa pale penye dawa za dharura. Hiyo iachwe hukohuko. Hatuiombi kwa zahanati.

Tunachoomba kwa zahanati na vituo vya afya ni kidogo kiasi kwamba kukikosa ni aibu. Fluoresini, tropikamidi na tetrakeini zote zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, tena fluoresini na tropikamidi zimewekwa katika kundi la dawa za uchunguzi. Hakuna anayeomba anasa.

Jibu tunalolijua ni kwamba Bohari ya Dawa (MSD) hawana. Pengine siku hiyo kweli hawana. Lakini serikali ilishatambua kwamba Bohari ya Dawa itaishiwa mara kwa mara, ndiyo maana ukaanzishwa mfumo wa Jazia, uliojaribiwa Dodoma mwaka 2014 na baadaye kuenezwa nchi nzima, ambapo kituo hununua kilichokosekana kwa mshitiri, yaani muuzaji aliyeteuliwa. Na fedha tangu mwaka wa fedha 2017/18 zinapelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na kamati ya usimamizi ya kituo ina sauti katika matumizi yake. Kwa hiyo njia ipo na akaunti ipo. Kinachokosekana ni mstari mmoja kwenye oda. Ukiuliza kwa nini haukuandikwa, utaambiwa hakuna anayeitumia. Ukiuliza kwa nini hakuna anayeitumia, utaambiwa haipo stoo. Watu wazima wenye vyeti wamekuwa wakizungushana hivyo kwa miaka, na anayelipa ni mtu wa Toangoma anayepanda daladala mbili na kupoteza kibarua ili akatiwe rangi hospitali ya Muhimbili au ya CCBRT, pale ambapo madaktari walipaswa kuwa wanapasua watoto wa jicho.

Na kuhusu tochi: vipo vifaa vikubwa vya gharama, na zipo tochi za kawaida za uchunguzi zenye kichujio cha buluu. Kipo pia kifaa kidogo cha mfukoni kiitwacho Arclight, kilichotengenezwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha St Andrews huko Uskochi, kinachochajiwa kwa jua na chenye mwanga wa buluu. Chochote kati ya hivyo kinatosha. Kufundisha kuna walimu: Mwananyamala na Temeke ni hospitali za rufaa za mkoa na zina vitengo vya macho. Wauguzi wa macho wa vitengo hivyo wapewe gari na posho ya siku, wazunguke vituoni, wakae na tabibu mbele ya wagonjwa halisi. Semina ya hotelini haitamfundisha mtu kupindua kope.

Wauzaji wa maduka ya dawa nao wana la kufanya. Jicho linalouma, lenye ukungu, lililoingiwa na kitu, la mtu anayevaa lenzi za kugusa au la mtoto mchanga, wasiliuzie tone lolote. Walielekeze kituoni. Matone yenye deksamethazoni yasitoke bila cheti cha mtabibu. Wanalijua hilo tayari.

Nawe msomaji, ukienda na jicho linalouma, uliza kabla ya kupokea chupa: "Mmeshaniwekea rangi?" Ukiwa na kisukari uliza: "Mboni zangu zitatanuliwa lini?" Si utovu wa adabu kumuuliza daktari hivyo.

Waganga Wakuu wa Manispaa za Temeke na Kinondoni watoe waraka kabla ya oda ijayo. Uwe ukurasa mmoja: kila kituo cha afya kiagize sanduku la karatasi za fluoresini, tropikamidi, tetrakeini ya kubaki chumba cha mtabibu, na tochi moja ya buluu, kila zahanati iagize karatasi na tochi. Kisicho MSD kinunuliwe kwa mshitiri ndani ya mwezi huo huo. Timu ya usimamizi ya manispaa itakapofika kukagua, isiishie kwenye daftari. Iombe karatasi moja, iombe na tochi, imwambie tabibu aonyeshe.